Parodi, tashtiti au kejeli? Jibu kwa mwalimu mlezi wa klabu ya maigizo

Swali: "Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari na mlezi wa klabu ya maigizo. Wanafunzi wangu wameandika igizo la dakika kumi linaloiga taarifa ya habari ya redio. Mtangazaji anasoma kwa sauti nzito habari za mbuzi aliyeingia ofisi ya walimu na kula daftari, kisha anaungana na mwandishi aliye eneo la tukio, na mwisho kuna hali ya hewa ya bwenini. Katikati wameweka wimbo maarufu wa bongofleva waliobadilisha maneno ili uzungumzie chakula cha shule. Kwenye ratiba ya mahafali niliandika 'parodi'. Mwenzangu mmoja anasema hilo si neno la Kiswahili, niandike 'tashtiti'. Mwingine anasema ni 'kejeli' tu. Mkuu wa shule naye ana wasiwasi kwamba parodi maana yake ni kuwadharau watangazaji. Neno hili lina maana gani hasa, na nilitumieje?"

Mwalimu, neno lako ni sahihi na huna haja ya kulifuta. Wenzako wote wawili wamegusa kitu cha kweli, lakini wanazungumzia mambo mengine. Wasiwasi wa mkuu nao una asili yake, na nitaufikia. Kuhusu igizo lenyewe, ninachokiona kinahitaji uangalifu ni ule wimbo, kuliko mbuzi.

Parodi ni kazi inayoiga kazi nyingine, au aina fulani ya kazi, kwa namna ambayo msikilizaji anaitambua ile iliyoigwa na papo hapo anaona pale mwigaji alipoigeuza ili achekeshe. Mambo mawili hayo lazima yawepo pamoja. Asipotambua kinachoigwa, atasikia igizo la ajabuajabu tu. Akitambua lakini asione kilichogeuzwa, atadhani ni taarifa ya kweli, au ni wizi wa kazi ya mtu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kulitumia neno hili ni: kinachoigwa hapa ni kipi? Ukiweza kukitaja kwa jina bila kusita, uko kwenye parodi. Ukibaki unasema "wanaigaiga tu", tafuta neno jingine.

Neno limetoka kwenye Kigiriki cha kale: *para*, yenye maana ya kando ya kitu na pia dhidi yake, na *oide*, yaani wimbo. Aristotle, katika sura ya 2 ya kitabu chake kuhusu ushairi, anamtaja Hegemon wa kisiwa cha Thasos kuwa ndiye wa kwanza kutunga parodi. Kutoka Ugiriki hiyohiyo umetufikia utenzi wa vita vya vyura na panya, uliotungwa kwa lugha, mizani na majigambo ya tenzi za Homer. Mashujaa wanataja nasaba zao, wanavaa silaha, miungu inakaa kikao kuamua wamsaidie nani. Tofauti ni kwamba wapiganaji ni panya na vyura, na silaha zao ni majani na mabua. Huo ndio mtambo mzima wa parodi: umbo la juu, jambo la chini, na kicheko kinachotoka kwenye pengo kati ya hivyo viwili.

Pengo hilo linaweza pia kugeuzwa upande wa pili: jambo zito likasimuliwa kwa lugha ya kijiweni, kwa mfano kisa cha mfalme na majemadari wake kikasemwa kama wapiga debe wa stendi wanavyosema. Wahakiki wengine huipa namna hiyo jina lake, travesti. Kwa ratiba ya mahafali tofauti hiyo haina uzito. Kwa somo la fasihi la kidato cha tano inafaa itajwe.

Sasa tashtiti. Hapa ndipo walimu wengi hukwaruzana bila sababu, maana neno lenyewe lina matumizi zaidi ya moja. Katika uhakiki wa fasihi, hasa Tanzania, tashtiti ni sanaa ya kushambulia maovu ya jamii au ya watu kwa kuyachekea: ulafi, ubadhirifu, unafiki, ulevi wa madaraka. Katika madarasa mengi ya Kenya, tashtiti ni mbinu ya kuuliza jambo ambalo muulizaji analijua tayari. Na katika Kiswahili cha kawaida cha zamani lilikuwa na maana ya uchokozi, maneno ya kumuudhi mtu makusudi. Mwenzako bila shaka anatumia ile maana ya kwanza. Basi mjibu hivi: tashtiti inatambuliwa kwa *shabaha* yake, parodi inatambuliwa kwa *njia* yake. Tashtiti inauliza unampiga nani. Parodi inauliza umevaa nguo za nani. Ndiyo maana kazi moja inaweza kuwa vyote viwili, na inaweza kuwa kimoja bila kingine.

Igizo lenu mkiliacha lilivyo, mbuzi na daftari, ni parodi bila tashtiti ya maana. Mkiongeza kwamba mbuzi aliingia kwa sababu uzio ulijengwa mara tatu kwenye makaratasi na haukujengwa hata mara moja ardhini, mmeingia kwenye tashtiti, na parodi imekuwa gari la kuibeba. Kipindi cha The XYZ Show cha Kenya, kilichoanza 2009, kilikuwa na mambo matatu kwa pamoja: vikaragosi vya wanasiasa vilivyokuza sura na sauti zao, umbo la taarifa ya habari lililoigwa, na mashambulizi ya wazi dhidi ya siasa. Ukiniuliza kilikuwa kitu gani, nitakwambia kilikuwa tashtiti iliyojengwa kwa karikatura (yaani kukuza sura ya mtu ili kuchekesha) na parodi. Neno moja lisingekitosha.

Kejeli na dhihaka ni kitu kingine tena. Hayo ni majina ya tabia na ya sauti ya msemaji. Mtu anaweza kukukejeli kwa neno moja, kwa guno, kwa kukuangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, bila kuiga chochote. Mipasho ya taarabu imejaa kejeli kali, lakini si parodi, kwa sababu mwimbaji wa mipasho haigi utunzi wa mtu. Anamlenga mtu moja kwa moja, na mlengwa anajijua. Kinyume chake, washairi wetu wanapojibizana magazetini, anayejibu mara nyingi huchukua bahari (aina ya shairi), vina na hata kipokeo cha mwenziwe. Kwa umbo hilo amesogea karibu sana na parodi, lakini akibaki anajadili hoja kwa uzito, ni malumbano. Siku atakapochukua vina vilevile na kumsifia mwenziwe kwa namna ya kumfanya aonekane kituko, hapo amevuka mpaka.

Halafu kuna kuiga, kugeza na kuigiza. Watu hupenda kusema "anamfanyia parodi waziri fulani" wakimaanisha kijana anayeiga sauti na mwendo wa waziri. Kiswahili tayari kina maneno ya kazi hiyo: anamwiga, anamgeza, anamwigiza. Ningeyaacha yafanye kazi yake, na parodi niibakize kwa kuiga *utungo au umbo la utungo*: hotuba, wimbo, utenzi, tangazo, barua ya ofisi, taarifa ya habari. Kijana yuleyule akitunga hotuba nzima ya bajeti ya kugawa maandazi kwa mtindo wa waziri, hiyo sasa ni parodi.

Kuna matumizi mengine ambayo ningependa yasiote mizizi. Siku hizi utasoma "kesi ile ilikuwa parodi ya haki" au "uchaguzi ule ni parodi ya demokrasia". Hiyo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kiswahili kinasema kesi ile ilikuwa kiini macho, au maigizo matupu, na kila mtu anaelewa kwa uchungu zaidi.

Kuhusu sarufi ni mambo machache. Parodi iko ngeli ya I-ZI: parodi hii imefana, parodi hizi zimefana. Utakutana pia na "parodia". Chagua moja na usiyachanganye katika kazi moja. Kitenzi "kuparodi" kinasikika vyuoni, ila masikio ya wengi bado hayajakizoea, na "kuifanyia parodi" au "kuandika parodi ya" kunatosha. Kosa la mara kwa mara liko kwenye kihusishi. Baada ya "parodi ya" huja kile kinachoigwa, sio mada. Usiandike "parodi ya mbuzi aliyeingia ofisini", kwa sababu hakuna aliyemwiga mbuzi. Andika "parodi ya taarifa ya habari, kuhusu mbuzi aliyeingia ofisini". Mwanafunzi akiweza kuijaza sentensi hiyo sawasawa, amelielewa neno kuliko aliyekariri maana yake.

Nije kwa mkuu wa shule. Hofu yake inatokana na kuchukulia kwamba kila anayeiga kwa kuchekesha anadharau anachokiiga. Wakati mwingine ni kweli. Henry Fielding alipotoa *Shamela* mwaka 1741, alikuwa anaikebehi waziwazi riwaya ya *Pamela* ya Samuel Richardson iliyotoka mwaka mmoja kabla, na hakukusudia kumpa Richardson heshima. Lakini Cervantes, aliyeziiga riwaya za mashujaa wapanda farasi katika *Don Quixote* (1605 na 1615), anaonekana kwenye kila ukurasa kuwa amezisoma riwaya hizo mpaka zikamwingia damuni. Mhakiki Linda Hutcheon, katika kitabu chake cha 1985 kuhusu nadharia ya parodi, aliieleza kuwa ni kurudia kwenye umbali wa kihakiki, na akasisitiza kwamba umbali huo unaweza kuwa wa dhihaka, wa mzaha mwepesi, au hata wa heshima.

Sisi wenyewe tuna mfano unaoonyesha jinsi jambo hili lilivyo gumu kuliamua kwa haraka. Ngoma za beni zilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, zikaenea Tanganyika na kwingineko kupitia makundi kama Marini na Arinoti. Watu walivaa sare, wakapiga tarumbeta, wakacheza gwaride na kupeana vyeo vya kijeshi kama vya Wazungu. Je, walikuwa wanawacheka wakoloni, wanawahusudu, au walikuwa wanashindana wenyewe kwa wenyewe kama watu wa mitaa ya pwani walivyoshindana siku zote? Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu beni mwaka 1975, na mjadala haujafungwa. Kwa maoni yangu, kuziita beni parodi moja kwa moja ni kuzipunja: mashindano yalikuwa ya kweli, na fahari ya kuvaa sare ile ilikuwa ya kweli. Kuiga kulikuwepo waziwazi. Nia ya kuchekesha ndiyo inayohitaji ushahidi, wimbo kwa wimbo.

Kwa mkuu, basi, usimwambie tu kwamba parodi si dharau. Msomee hati ya igizo. Angalia kicheko kinamwangukia nani. Kwa maelezo yako kinauangukia ukubwa wa lugha iliyotumika kwa jambo dogo, wala hakuna mtangazaji anayetajwa wala kuigwa kasoro yake ya kusema. Wanafunzi wakitaka kumwiga mtangazaji fulani anayejulikana, kigugumizi chake au lafudhi ya kwao, hapo mkuu atakuwa na haki ya kuuliza, na mimi ningeiondoa sehemu hiyo. Hali kadhalika wakitaka kutumia umbo la sala, dua au mawaidha. Umbo hilo hutambulika upesi kuliko yote, kwa hiyo linavutia, lakini ukumbi wa mahafali una wazazi wa kila imani na kicheko kitageuka ugomvi.

Sasa igizo lenyewe. Parodi ya taarifa ya habari husimama au huanguka kwa uaminifu wake. Waambie wanafunzi wasikilize taarifa kamili mara mbili au tatu na kuandika viungo vyake: ala ya ufunguzi, kutaja saa, muhtasari, kisha habari kwa kina, vyeo vikitajwa kwa ukamilifu, "kwa mujibu wa", "imeelezwa kuwa", kuungana na mwandishi, michezo, hali ya hewa, muhtasari tena. Hivyo vyote vibaki. Kinachobadilika ni kimoja tu, jambo linalotangazwa. Linganisha sentensi hizi mbili:

"Jamani leo kuna bonge la mbuzi limeingia ofisini likala madaftari, yaani ni vituko!"

"Mbuzi mmoja anayekadiriwa kuwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na miwili ameingia katika ofisi ya walimu leo majira ya saa nne asubuhi na kula kile ambacho mashuhuda wamekieleza kuwa ni daftari la mahudhurio la kidato cha pili. Mpaka tunakwenda hewani, mbuzi huyo alikuwa hajatoa tamko lolote."

Ya kwanza inachekesha kidogo, lakini si parodi ya kitu chochote, ni mtu anasimulia. Ya pili haina neno hata moja la utani. Kila kirai chake utakisikia redioni jioni ya leo. Ndiyo maana msomaji wa habari hatakiwi kucheka, hata tabasamu. Akicheka yeye, ukumbi unaacha kucheka. Kosa jingine ni kutia chuku tangu sentensi ya kwanza, mbuzi akawa na mabawa na akaongea Kichina. Hapo umbo la habari linazama, na hakuna tena cha kulinganisha. Anzeni na jambo linaloweza kutokea kweli, chuku ipande ngazi kwa ngazi, na kilele kiwe hali ya hewa: "ukanda wa vitanda vya juu utakuwa na joto la wastani, wakati vitanda vya chini vinatarajiwa kupata manyunyu."

Na dakika kumi ni nyingi. Umbo la parodi hutambulika ndani ya nusu dakika, na baada ya hapo kila sentensi lazima ilete kitu kipya. Punguzeni mpaka dakika tano au sita.

Mkitaka kuwapa wanafunzi zoezi la kuona jinsi umbo linavyobeba kazi, wape utenzi. Kila mtoto wa Kiswahili anautambua kwa sikio: vipande vinne, mizani nane nane, vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja na cha nne kina kina kinachorudi ubeti hadi ubeti. Watunzi wa tenzi mara nyingi huanza kwa kuagiza waletewe wino na karatasi. Basi:

Leteni simu na chaja,
Na bando la siku moja,
Niwaeleze viroja,
Vya vita vyetu jikoni.

Shangazi akasimama,
Kaupunga mwiko wima,
Panya akarudi nyuma,
Kaingia kabatini.

Hesabu mizani, kisha waambie waongeze neno moja tu kwenye kipande cha pili, "na bando la siku moja tu". Mara moja sikio linakwama na utenzi unavunjika, na kicheko kinapungua pamoja nao. Katika parodi ya ushairi, aliyekosea mizani amepoteza kile alichokuwa anakiiga.

Nimeuacha wimbo mwisho kwa sababu ndio wenye hatari ya kweli. Anayebadilisha maneno ya wimbo wa mtu na kuacha muziki ulivyo ameuchukua muziki wenyewe, na muziki una mwenyewe. Baadhi ya nchi zimeipa parodi nafasi katika sheria zao. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1994, katika shauri la kundi la rap la 2 Live Crew lililougeuza wimbo wa Roy Orbison, kwamba parodi inaweza kuwa matumizi halali hata ikiuzwa. Lakini ilitenganisha kwa makini: anayeugeuza wimbo ili auseme wimbo wenyewe ana hoja ya kuuchukua, anayeutumia kusemea mambo mengine kabisa anatakiwa aeleze kwa nini hakutunga wake. Uingereza iliweka ruhusa ya parodi katika sheria ya hakimiliki mwaka 2014, na mwaka huohuo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema parodi ni lazima ikumbushe kazi iliyopo, itofautiane nayo kwa kuonekana, na iwe na ucheshi au dhihaka. Lakini wewe huhukumiwi kwa sheria za huko. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na Kenya ina yake ya 2001. Kuandika neno "parodi" kwenye ratiba hakukupi kinga peke yake. Na wimbo wenu, kwa maelezo yako, hausemi lolote kuhusu wimbo wa asili. Unazungumzia chakula cha shule.

Kuuimba mara moja ukumbini ni jambo moja. Kuurekodi na kuupandisha YouTube ni jambo jingine, na kuuza tiketi ni jingine tena. Kama video inapigwa na itasambazwa, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania (kwa Kenya ni KECOBO), ukiwa na hati na jina la wimbo, au muulize wakili anayeshughulika na hakimiliki, kabla ya siku yenyewe. Kama hamna muda huo, kuna njia nafuu ambayo pia ni parodi bora: wanafunzi watunge melodi yao wenyewe kwa *mtindo* wa bongofleva, na mwanzo wa kutaja jina la prodyuza, kiitikio cha kurudiarudia na ubeti wa mapenzi yanayoumiza, ila anayepewa mapenzi hayo awe ni wali wa Jumapili. Wataiga aina ya wimbo badala ya wimbo wa mtu mmoja, na kwenye ratiba utaandika: "Parodi ya taarifa ya habari ya redio, pamoja na parodi ya wimbo wa mapenzi. Imetungwa na wanaklabu."